Kompyuta Iliyozimwa kwa Huruma

Kila alasiri baada ya masomo, Chiriku alimsubiri mama yake kwenye dirisha la dawa la hospitali. Jina hilo alibandikwa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Mama ndiye aliyeandika programu ya kompyuta ya kutolea dawa, na programu hiyo ilikuwa ikiganda. Ikiganda, mfamasia alikimbilia ofisi ya Mama, mwisho wa ukumbi, huku wagonjwa wakikohoa kwenye foleni.

Siku moja mfamasia alimwekea Mama chai, kama kawaida yake, bila kuombwa.

"Dada, wakubwa wamechoka," alisema taratibu. "Kesho wanaiondoa programu yako."

"Nitachunguza nini?" Mama aliuliza. Alikuwa amekonda. "Kila nikifika naikuta nzima."

Chiriku alimshika Mama mkono. Chai ikapoa.

"Mama, ni mimi," alisema mwishowe. "Nawaonea huruma wagonjwa. Mfamasia akienda kukuita, naizima kompyuta na kuiwasha."

Mama alifumba macho. "Kumbe! Ukiizima, mwanangu, dalili zote zinafutika."

Ilipoganda tena alasiri hiyohiyo, hakuna aliyeigusa. Mfamasia aliandika dawa kwa kalamu. Mzee mmoja alimpisha mwanamke mwenye mtoto mchanga. Mama akafungua programu ya kuchunguza hitilafu, akamwonyesha Chiriku mistari miwili.

"Hizi ni kazi mbili zinazokwenda pamoja. Hii imefunga akiba ya dawa, inasubiri risiti. Ile imefunga risiti, inasubiri akiba. Hakuna inayoachia."

"Kama mimi na kaka! Mimi nimeshika sabuni, yeye ndoo. Kila mtu, 'Nipe wewe kwanza!'"

"Na vyombo vinalala vichafu," Mama alisema, akatabasamu kidogo.

Alizipanga zote mbili zianze na akiba, ndipo zishike risiti. Haikuganda tena.

Lakini wakubwa walikuwa wameshaagiza programu nyingine. Kesho yake Mama alikunja nyaya zake. Mfamasia alileta chai, safari hii vikombe viwili, akashindwa kuwatazama usoni.

"Ningesema mapema..." Chiriku alilia.

"Ndiyo, huenda ningewahi kuitengeneza," Mama alijibu. Hakumdanganya. Alimfuta machozi kwa kiganja. "Huruma yako sikukatazi. Ila ukitenda jambo, niambie siku hiyohiyo. Siwezi kutengeneza nisichoonyeshwa. Haya, kunywa chai, twende nyumbani."