Maji Yenye Moshi

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilisifu maji bila kujiuliza kwa nini yalikuwa matamu. Na mimi njo yule muntu anayejitapa kwamba jicho lake haliachi kitu.

Ilikuwa mwezi wa saba, watoto wakiwa vakansi. Kila mwaka, shule zikifungwa, nilipakia hema, sufuria na mablanketi katika gari langu kuukuu la jipu. Tulitoka Kalemie, tukafuata njia ya Moba, tukalala kando ya ziwa, halafu tukapanda milimani kwa bibi yao. Kama unadhani kwetu hakuna baridi, basi hujalala kwenye hema karibu na Zongwe wakati upepo wa kiangazi unatoka ziwani. Meno yanacheza ngoma bila kualikwa.

Mwaka ule tulikuwa wanne: mimi, binti yangu Rebecca, na watoto wawili wa dada yangu Martine. Elysée alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake Jordan sita. Wakati wa mvua Jordan aliugua kolera, akaponea chupuchupu, na mama yake hakutaka kumwachia. Aliposhika mlango wa jipu, hakuzungumza na mimi. Alizungumza na Elysée, akamwambia mutoto huyu asinywe hata tone la maji ambayo hayajachemka. Elysée akaapa. Kwa hiyo kazi ya maji ikawa yake.

Siku ya kwanza aliifanya vizuri. Aliokota kuni, akabandika sufuria juu ya mafiga, akangoja mapovu, akaacha maji yapoe, akajaza bidoni, dumu letu la maji. Lakini maji ya moto wa kuni hunuka moshi, na Rebecca hana breki mdomoni.

"Maji ya Elysée iko na harufu ya mbuzi," alisema, akakunja uso.

Na mimi, mchekeshaji wa familia, nikaongeza kwamba imebaki chumvi na pilipili tu. Tukacheka. Elysée alicheka pia, lakini kidogo.

Kesho yake jioni upepo ulizidi. Moto ulilala upande mmoja, na sufuria ikabaki inapigwa na baridi upande wa pili. Sisi wengine tulijifunika blanketi moja nyuma ya jipu, tukala ugali wa bukari na dagaa wa ndakala, nami nikaimba nyimbo alizokuwa anaimba baba yangu kwenye njia hiyohiyo, tulipokuwa tunasafiri juu ya mihogo katika lori. Jordan alisinzia mapema mapajani mwangu. Elysée alikuwa peke yake kule kwenye moto. Baadaye alikuja na bidoni, akaingia chini ya blanketi.

Nilikunywa kikombe, nikaongeza kingine. Maji laini, bila moshi.

"Sasa haya njo maji," nilisema kwa sauti kubwa. "Rebecca, omba msamaha. Dada yako ni fundi."

Rebecca akanywa naye, akaomba. Elysée, ambaye hucheka hata mizaha yangu mibovu, hakucheka. Niliona. Nikadhani ni baridi.

Asubuhi tulikunja hema, tukaanza kupanda, ziwa likabaki chini yetu ndani ya ukungu. Jordan akaomba maji. Elysée akamwambia angoje, barabara ni mbaya, atajimwagia. Baada ya kona chache akaomba tena. Elysée akasema kikombe kimepotea. Rebecca akakiokota chini ya kiti, akakipangusa, akamimina. Jordan akakishika kwa mikono miwili.

Elysée akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Tonton, simamisha," akaniambia mimi mjomba wake.

Nikasimamisha.

"Maji haikuchemka," alisema, akiangalia magoti yake. "Niliipasha moto kidogo tu. Baridi ilinishinda. Nilitaka kukuambia, lakini ulinisifu mbele ya wote."

Rebecca akashika tumbo lake. Jordan akaanza kulia, na hakuwa analilia uongo, alikuwa analilia kiu. Nilitaka kukasirika, lakini sauti yangu ya jana ilikuwa bado inanilia masikioni. Nikamwuliza Elysée tufanye nini sasa.

Alishuka, akamwaga bidoni yote kando ya njia, akaenda kuteka katika kijito kilichokuwa karibu, kisha akaanza kuokota kuni. Rebecca akamfuata bila kutumwa. Mimi nikasogeza jipu likinge upepo, jambo ambalo ningelifanya jana yake kama akili yangu ingekuwa nyingi kuliko mizaha. Maji yakachemka mpaka mfuniko ukacheza. Na ule upepo tuliokuwa tunautukana ukatusaidia kuyapoza.

Jordan akanywa, akakunja uso. "Iko na moshi."

"Njo vile tunaitaka," Rebecca akamwambia.

Nikamketisha Elysée kando yangu. "Uongo wa maji hauonekani kwa macho," nilimwambia. "Tumbo njo linausoma, na tumbo la mdogo wako limekwisha kuchoka. Kazi ikikushinda, sema imekushinda, tutakuja kukusaidia. Aibu ya jioni moja inapita. Na mimi nimejifunza: kabla ya kumsifu muntu, niende kwanza nione moto wake."

Jordan hakuugua, wala Rebecca. Kuhusu vikombe vyangu viwili, nitasema tu kwamba kwa bibi nilijua kila kichaka nyuma ya nyumba.

Siku hizi Elysée anasoma uuguzi Lubumbashi, Rebecca ana nyumba yake Moba, na jipu nililiuza vipande vipande. Nachemsha maji mwenyewe, kwa makala, yaani makaa, si kwa kuni. Yanatoka safi, bila harufu yoyote. Lakini mwezi wa saba ukifika, upepo wa ziwani ukigonga dirisha, mdomo wangu unasahau, naita kuelekea jikoni:

"Elysée, niletee maji, mama. Ile yenye moshi."