Pumzi Nyuma ya Kabati

Kila alasiri, akitoka shule, Chiriku alikuwa na kazi moja jikoni: kufunika mabaki ya chakula kwa mifuko ya plastiki, na kuipeleka iliyochakaa kwenye pipa la mwisho wa mtaa. Jina hilo la utani alipewa kwa kuwa hakujua kunyamaza. Siku ile alinyamaza.

Nyuma ya kabati, kitu kilikuwa kikipumua.

Haaa... Kimya. Haaa... Polepole, kama mgonjwa usingizini. Jua liliwaka dirishani, lakini Chiriku vinyweleo vilimsimama. Jiko la mkaa lilikuwa likiwaka, sufuria ikitokota. Bibi yake alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, macho nusu wazi.

"Bibi?"

"Kichwa, mjukuu wangu," bibi alinong'ona. "Na hicho kinachopumua... unakisikia?"

Chiriku alitimua mbio kumwita shangazi yake, fundi cherehani wa nyumba ya pili. Wakamtoa bibi nje. Shangazi akaacha mlango wazi, akafungua dirisha, akalitoa jiko, akalivuta kabati.

Tundu la hewa ukutani lilikuwa limezibwa kwa mifuko ya plastiki iliyoshindiliwa. Upepo ulipovuma nje, mifuko ilivimba, ulipotulia, ikanywea. Haaa.

"Nani kafanya hivi?"

Chiriku angeweza kuwasingizia panya. Akamtazama bibi aliyekuwa akihema uani.

"Ni mimi, shangazi. Pipa liko mbali. Nilikuwa naisukumia hapa kila siku."

"Hewa ya mkaa ikikosa pa kutokea huua, tena kimyakimya. Kimbia ukamwite mama yako, tumpeleke bibi zahanati."

Bibi alirudi nyumbani jioni, amechoka lakini salama.

Kesho yake shangazi alileta vipande vya kitambaa cha pamba na bonge la nta ya nyuki, ile anayopaka uzi wake. Chiriku akaikwangua juu ya kitambaa, wakafunika kwa karatasi, shangazi akapitisha pasi. Nta ikayeyuka, ikanywewa na kitambaa. Kilipopoa, Chiriku alikibana kwa viganja kwenye mdomo wa bakuli la mabaki, badala ya mfuko wa plastiki. Kwa joto la mikono kikashika.

"Kikichafuka, kioshe kwa maji baridi, ukianike, ukitumie tena," shangazi alisema. "Nyama mbichi tu usifunike nacho."

"Kwa hiyo hakuna tena cha kutupa?"

"Hakuna cha kuficha. Kosa lililofichwa halifi, mwanangu. Hukaa kimya likimsubiri mtu asiye na hatia. Liseme lingali dogo."