Bima ya Chini, Mkopo wa Juu

"Mimi nyumba hainidanganyi," Gavin Thirlwell alijigamba, huku akidokoa chipsi za mkewe. "Miaka kumi naziba mabomba hapa Gateshead. Nikigonga ukuta mara moja, naujua mpaka ukoo wake."

"Basi gonga na barua hii," Shona akamwambia.

Barua ilitoka benki. Gavin na Shona walitaka kununua fleti ya juu kule mtaa wa Bensham, waipangishe. Akiba yao ya miaka sita ingelipa sehemu ya kwanza, na mkopo ungemalizia. Sasa benki inasema haitoi mkopo mpaka ione bima ya jengo, ya juu na ya chini. Muuzaji naye kawapa siku kumi tu. Zikipita, anamuuzia mwingine.

"Ya chini inatuhusu nini?" Gavin akafoka. "Kwanza chini hakuna mtu. Dalali kasema."

Mchana akachukua ufunguo kwa dalali, akaenda kupima vyumba. Mtaa ulikuwa kimya. Milango miwili ilisimama bega kwa bega, mmoja wa fleti ya juu, mmoja wa fleti ya chini. Mapazia ya chini yalikuwa yamefungwa.

Gavin akapanda ngazi, akatembea hadi dirishani. Chini ya miguu yake, kitu nacho kikatembea hadi dirishani.

Akasimama. Kikasimama.

Akapiga hatua tatu. Hatua tatu zikamjibu, polepole. Akakohoa. Kikohozi kikapanda kupitia mbao za sakafu.

Nywele zilimsimama. Hata hivyo, kama anavyosimulia mwenyewe, alikunja futi yake vizuri, akashuka taratibu kama bwana harusi, akavuka barabara kwa Bi Norma Dodds, mteja wake wa siku nyingi. Mama huyu alifanya kazi kwa mwanasheria miaka thelathini.

"Bi Norma, pale chini kuna mtu?"

"Yupo Mzee Ambrose. Tangu mkewe afe hafungui pazia. Vipi, mwanangu? Mbona umekuwa mweupe kuliko kawaida yako?"

"Benki wananisumbua," Gavin akasema, akamweleza.

Bi Norma akacheka. "Nyumba zetu hizi hazina bima ya pamoja. Wa juu anakata yake, wa chini yake. Lakini vyumba vyako vimekaa juu ya kuta zake. Kukiungua, utabaki na nini?"

"Na bima yangu."

"Ujenge hewani? Kama yeye hana bima, nani atajenga kuta za chini? Ndiyo maana benki inataka karatasi zote mbili. Ziwe hai, na zitoshe kujenga upya. Na yako iseme kwamba una wapangaji. Ukificha, unaweza kunyimwa malipo."

Wakaenda kubisha. Mzee Ambrose akafungua, mwembamba kama kivuli. Alikaa peke yake, lakini mezani vikombe viwili vya chai vilitoa mvuke.

"Nani alikuwa juu?" akauliza. "Nilikuwa namsindikiza. Edna alipenda hatua za majirani. Nikizisikia, natembea nazo. Nyumba inakuwa na watu."

Bi Norma akaomba karatasi ya bima, akavaa miwani. Ilikuwa na jina la Edna. Ilikwisha miezi ishirini nyuma.

"Alikuwa akilipa yeye," mzee akanong'ona. "Nilidhani inaendelea."

"Kateni moja ya jengo zima," Bi Norma akasema. "Majina yenu wote, gharama nusu kwa nusu, ianze siku ya mauziano. Kwanza mwanasheria aangalie mkataba wa nyumba, na benki ikubali."

Mzee akakubali, mwanasheria akaridhia, benki ikaridhia. Siku ya tisa mkopo ukapita.

Mpangaji wa kwanza alikuwa nesi, Imogen. Siku ya kuhamia aliganda katikati ya chumba.

"Kuna kitu kinanifuata huko chini!"

"Ni Mzee Ambrose, anakusindikiza," Gavin akamtuliza. "Hata mimi nilizisikia hatua zake. Wala sikushtuka. Nikashuka zangu taratibu..."

"Taratibu?" Bi Norma alikuwa mlangoni, na keki mkononi. "Nilikuwa dirishani kwangu, Gavin, na mlango uliuacha wazi. Ngazi za mwisho ulizishuka kwa makalio, unamwita mama yako."