Chupa Nne za Masika

Chupa nne za maji taka zilikuwa zimeibwa kwenye jokofu la maabara, jirani na Mnazi Mmoja. Dunia ina mambo. Mwizi ameacha kompyuta, kabeba uchafu. Inspekta Mwanamize hakucheka, maana kitasa hakikuvunjwa. Aliyeingia alikuwa na ufunguo.

"Chupa hizo zina nini?"

"Maji ya chemba za Kariakoo, ya masika," alijibu Daktari Arwa, mkuu wa maabara. "Mvua ikikolea watu hutapisha vyoo mitaroni, na virusi vya tumbo hupanda. Vikipanda, gari la matangazo hupita mitaani kuwahimiza watu wachemshe maji. Mwaka huu majibu yalitoka safi, gari halikupita, na watoto wakaharisha mno. Juzi nikaagiza chupa zipimwe upya."

"Nani huchota?"

"Mzee Anaeli. Ila yuko msibani, amefiwa na mjukuu."

"Ufunguo anao?"

"Anao," alikiri Daktari.

Mwanamize alimkuta mzee nyumbani kwake Gerezani, sebuleni, peke yake.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa."

"Tarehe kumi na tisa Aprili ulichota wapi?"

"Chemba ya Kariakoo. Imeandikwa."

"Siku hiyo mtaa ule maji yalifika kiunoni. Mfuniko uliuonaje?"

Njia ya mwongo ni fupi. Anaeli alivuta begi chini ya kiti. Chupa zote nne zilikuwemo.

"Niliogopa kutumbukia. Wiki nne nilichota chemba ya pale ofisini, nikajazia maji ya mvua."

"Uliiba ili usifukuzwe?"

"Kazi si kitu. Namwogopa binti yangu."

Evelyn, bintiye, akaingia na sinia la chai.

"Karibu chai, afande. Maji nimeyachemsha mara mbili." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Masika sikuchemsha. Gari la matangazo halikupita, nikazembea. Mwanangu nimemuua mwenyewe."

Mwanamize alimgeukia Anaeli. Mzee huyu alikuwa amemwacha bintiye aubebe mzigo ule siku zote hizo.

"Mzee, nimwambie mimi?"

Anaeli alitikisa kichwa. "Siyo wewe, mama," alimwambia bintiye. "Ni mimi."

Akamweleza yote, kuanzia wiki ya kwanza.

Evelyn alisikiliza hadi mwisho. Kisha akakichukua kikombe cha baba yake, akatoka nacho uani, akaimwaga ile chai.