Picha Moja kwa Siku

Saa moja na nusu asubuhi stesheni ilikuwa inachemka. Watu walimiminika kutoka jukwaa la pili kama mchele kutoka gunia lililotoboka, magurudumu ya masanduku yakinguruma kwenye vigae, na juu ya kelele zote hizo ikapita sauti ya mwanamke, nzito kidogo, tulivu, isiyo na papara hata chembe:

"Abiria aliyesahau mkoba mweusi wa kamera kwenye behewa la tatu, tafadhali fika ofisi ya matangazo, ghorofa ya kwanza."

Wafanyakazi wenzake walimwita Sauti, na wengi walikuwa wamesahau kama ana jina jingine. Zamani alikaa dirishani akikata tiketi, akitazamana na watu uso kwa uso. Kisha asubuhi moja aliamka, akanywa chai, chai ikamwagikia kifuani. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umelala. Daktari alisema utarudi, ukarudi nusu. Maneno aliyapata yote, tabasamu halikurudi. Mchumba aliyekuwa haishi kumtembelea akaanza kupata shughuli nyingi, mpaka shughuli zikammeza kabisa. Ndipo Sauti alipoomba ahamishiwe chumba cha matangazo, chenye vioo vya giza, akanunua mitandio saba ya kufunikia shavu, mmoja kwa kila siku ya juma. Huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Mlango ukagongwa. Akaingia mwanamume mrefu, shati jeupe la kitani limekunjwa mikono, anahema kama aliyefukuzwa.

"Mkoba wangu," alisema, kisha akasimama ghafla. "Ngoja. Ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Wewe ndiye unayetangaza treni! Miaka yote hii mimi najua ni mashine."

"Mashine isingekudai kitambulisho," Sauti alijibu. "Mimi nakudai."

Mwanamume akacheka, akakitoa, akasaini daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kinyume.

"Mashoto," Sauti alisema bila kufikiri.

"Umejuaje? Ndilo jina langu tangu darasa la kwanza."

Muda wote huo Sauti alikuwa amekaa upande, amempa shavu la kulia. Mashoto aliliona hilo, wala hakulisema. Alieleza tu kazi yake: siku za juma picha za harusi na za pasipoti, Jumamosi darasa katika zahanati ya mtaa wa nyuma.

"Unawafundisha wagonjwa kupiga picha?"

"Nawafundisha kujitazama. Kamera ni kisingizio."

"Basi mimi hunipati. Sipigwi picha."

"Nani kasema utapigwa? Utajipiga mwenyewe kwa simu yako. Picha moja kwa siku, na lazima uwemo. Hata kama ni kidole gumba. Huonyeshi mtu mpaka upende."

"Wewe unajua kuuza."

"Darasa ni la bure, bibie. Nauza nini?"

Jioni hiyo Sauti alimwuliza dada yake darasa linaanza saa ngapi. Dada alikuwa muuguzi katika zahanati ile ile, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Aliweka mwiko chini, akashika kiuno.

"Darasa hilo nimekuimbia miezi sita umeziba masikio. Leo kaja mwanamume mmoja na mkoba, unaniuliza linaanza saa ngapi?"

"Dada, bwana!"

"Saa nne. Na uvae lile gauni la zambarau."

Darasani walikuwa tisa. Alikuwepo dereva mstaafu aliyekatwa mguu, mama aliyefiwa na mume, kijana mmoja asiyependa kusema. Hakuna aliyeulizwa anaumwa nini. Mashoto alitoa agizo moja tu: ukishapiga picha yako, itazame, kisha ieleze kama unamweleza mtu unayempenda. Asiyetaka kusema kwa sauti, aandike.

Sauti alianza na viatu vyake. Siku ya pili akapiga mikono, ya tatu kivuli chake kwenye ngazi za stesheni. Akapiga kisogo kilichosukwa vizuri, akashangaa, maana hakuwahi kujua kama ana kisogo kizuri. Siku ya tisa akapiga jicho la kushoto peke yake, lile lisilofumba sawasawa. Alilitazama kwa hofu kwanza, kisha kwa udadisi. Halikuwa jicho la mgonjwa. Lilionekana kama jicho la mtu anayesikiliza. Akaandika hivyo hivyo kwenye daftari, akalifunga upesi kama aliyeiba.

Wiki ya tatu alipiga moyo konde, akazipanga picha zake zote mezani. Dereva mstaafu akajongea kwa magongo yake, akazikagua moja moja.

"Bibie," alisema, "mbona wewe kila picha uko pembeni, nusu umo nusu umetoka? Kama mtu anayetaka kushuka kabla gari halijasimama."

Wote wakacheka, naye akacheka, lakini maneno yale yalimwingia. Alikuwa na miaka mitatu akiamini anawaficha watu uso wake. Kumbe aliyemficha zaidi ni yeye mwenyewe. Usiku ule ule aliwaza, asubuhi akasimama katikati ya kioo cha kabati, akapiga.

Mashoto naye hakuwa mbali. Kila siku saa saba mchana, Sauti akiwa mapumzikoni, simu yake iliita.

"Leo umekula nini, mwenye mji?"

"Mji upi?"

"Stesheni nzima inakutii. Ukisema simameni, wanasimama. Mimi nikisema tabasamuni, bwana harusi ananuna."

"Labda humbembelezi."

"Nimbembeleze bwana harusi, wewe nikubembeleze lini?"

Sauti alicheka mpaka mwenzake wa zamu akageuka. Siku nyingine Mashoto alikiri kwamba amepitiliza kituo chake makusudi, ili amsikie akitangaza treni ya saa kumi.

Lakini kulikuwa na jambo lililomkera. Mwanamume huyu alikuwa moto kwenye simu, na wakionana alikuwa baridi kama maji ya mtungi. Darasani hakukaa karibu naye. Hakumsindikiza hata hatua tatu. Mara mbili Sauti alimwambia wakanywe kahawa, mara mbili akatoa udhuru. Miaka mitatu nyuma alishawahi kuona mwanamume akipata shughuli nyingi, na dalili alizijua.

Jumamosi ya tano alifika mapema. Alivaa blauzi ya kijani na hereni ndefu, na mtandio aliuacha kwenye mkoba. Mlango wa ofisi ya daktari mkuu ulikuwa wazi kidogo, na ndani akasikia daktari akiuliza, "Na huyu wa stesheni?"

"Ni mshiriki kama wengine," Mashoto alijibu. "Hakuna kitu kati yetu."

Sauti hakungoja zaidi. Miguu ilimtoa nje yenyewe. Getini akaufungua mkoba, akautoa mtandio, akajifunika. Kabla hajafika nyumbani alikuwa ameshatuma ujumbe: "Kumbe mimi ni mshiriki kama wengine. Asante kwa somo." Simu ikaita mara tano, hakupokea. Ya sita akaizima.

Alilia siku mbili. Siku ya tatu dada alimkuta dirishani na simu mkononi.

"Unampigia?"

"Najipiga. Picha ya leo bado."

"Nilidhani umeacha."

"Darasa nimeacha. Picha ni zangu," Sauti alisema, na mwenyewe akashangaa jinsi alivyolisema kwa uhakika.

Akaendelea. Alijipiga akiwa na macho mekundu, akaandika: huyu ameumizwa, lakini amesimama. Alijipiga akifua, akiwa kazini nyuma ya kipaza sauti, akiwa amekasirika. Kila siku uso ulizidi kusogea katikati. Siku moja mchana dada alikuwa akimwigiza mgonjwa mmoja anayeogopa sindano kuliko ugonjwa, Sauti akaangua kicheko, na mkono ukabonyeza wenyewe. Akaitazama picha hiyo kwa karibu. Mdomo ulikuwa umepanda upande mmoja, jicho moja limefumba na jingine limekodoa. Ulikuwa uso uliopinda, tena wenye furaha ya wazi kabisa. Alitafuta aibu yake ya kila siku, hakuiona.

Akaenda kuichapisha kwa ukubwa, akaitundika sebuleni. Baba yake, fundi saa aliyezoea kutazama vitu kwa karibu, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huyu," alisema taratibu, "nilikuwa nimemkosa sana."

Sauti akaenda jikoni kulia peke yake, na dada akamfuata.

"Sasa nisikilize, na usinikatize," dada alisema. "Mashoto ameacha kufundisha tangu siku ile uliyokimbia. Leo ndiyo nimeiona barua yake kwenye faili. Sheria ya zahanati hairuhusu mwalimu kuwa na uhusiano na mshiriki. Nimemfuata daktari, nikamwuliza. Anasema yule kaka alimwambia hakuna kitu kati yenu, na ndiyo maana anaacha kazi, ili kiwepo."

"Ili kiwepo?"

"Ndivyo alivyosema. Wewe ulisikia nusu, ukaondoka na nusu yako."

Kesho yake, saa tano asubuhi, Sauti aliingia studio ya Mashoto. Alivaa gauni la manjano lililombana kiunoni, shingo wazi, shavu wazi. Ndani kulikuwa na familia ya watu saba na mtoto mchanga anayelia, na Mashoto amepiga magoti sakafuni akitoa mlio wa bata. Alipomwona, bata akamkauka kooni.

"Maliza kazi," Sauti alisema. "Mimi sina haraka."

Familia ikaondoka. Mashoto akasimama, hajui mikono aiweke wapi.

"Nilipiga simu," alisema.

"Nilizima."

"Nikaja mpaka ngazi za ofisi yenu, nikarudi. Nilijiambia ukitaka kunisikia utaniita mwenyewe. Sikutaka uje kwangu kwa sababu nilikufundisha kitu."

"Mbona hukuniambia habari ya sheria?"

"Niliogopa utaacha darasa kwa ajili yangu. Ulikuwa ndiyo kwanza umeanza kuingia kwenye picha. Nilikosea. Ningekwambia, uamue wewe."

"Ulikosea kweli. Na mimi nilikimbia kabla sijauliza, kwa hiyo tuko sawa." Akasogea hatua moja. "Lakini tuelewane, Mashoto. Wewe hukuniponya. Shavu hili bado limelala, huenda likalala hivi hivi maisha yote. Nilijitazama tu mpaka nikajizoea, na sasa najipenda. Kwa hiyo sijaja kwa shukrani."

"Umekuja kwa nini, mpenzi?"

"Nimekuja kukuposa."

Mashoto akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Rudia, laazizi. Kwa ile sauti ya stesheni."

"Sirudii. Jumapili, saa tisa, baba yangu yuko nyumbani. Uvae shati lililopigwa pasi."

Jumapili alifika saa tisa kasoro robo, shati limenyooka, jasho linamtiririka. Mzee alimketisha mbele yake, akamkagua kama saa iliyoletwa matengenezo, kisha akamgeukia binti yake.

"Mimi sina swali kwa huyu. Nina swali kwako. Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Basi tarehe mpange na dada yenu. Mimi mambo ya tarehe yananishinda."

Dada akapiga kigelegele hata kabla hajaombwa, jirani wakachungulia madirishani. Baadaye Sauti akamsindikiza mgeni wake mpaka getini, mkono ndani ya mkono, mchana kweupe, mtaa mzima unaona.

"Nani kamwambia baba yako kwamba wewe ndiye uliyeniposa?" Mashoto alinong'ona. "Kaniuliza pembeni kama nilikataa kwanza."

"Mimi nimemwambia."

"Na wajukuu wakiuliza?"

"Nitawaambia hivyo hivyo," Sauti alisema, "tena kwa kipaza sauti."