Sanduku Lililong'olewa Ukutani

Ukutani palibaki mraba mweupe na skrubu nne.

Inspekta aliinama, akazitazama zile skrubu kwa muda mrefu. Mwizi alizifungua moja moja, akaling'oa sanduku, kisha akazirudisha zote kwenye matundu yake na kuzikaza. Kila moja ilikuwa imechubuka kichwani, kama iliyozungushwa kwa kisu cha mezani.

Ilikuwa Jumatatu, saa mbili asubuhi. Madarasani, watoto mia nne walikuwa wakisoma kwa sauti.

"Hapa si angetosha fundi bati, Afande?" alinong'ona koplo wake. Alikuwa mtu wa mwili, ameketi juu ya kiti cha mtoto wa darasa la kwanza, na sasa hakujua angenyanyuka vipi.

Inspekta hakucheka. Mwaka uliopita, katika shule nyingine, sanduku kama hilo lilifunguliwa siku tatu baada ya barua kutumbukizwa. Mwandishi wa barua ile alikuwa na miaka kumi na mmoja. Inspekta ndiye aliyewapelekea wazazi sare yake ili waitambue. Tangu hapo hakuwahi kulala usingizi mnono, hata siku moja.

"Nieleze tangu mwanzo, Mwalimu," alimwambia mwalimu wa ushauri, mwanamke mwembamba aliyekuwa akisokota ncha ya kitambaa chake.

"Ni sanduku la watoto, Afande. Tuliliweka baada ya lile kundi la msituni, linaloandikisha watoto vitani, kuchoma soko. Tunawafundisha kila wiki: mtu mzima akikwambia 'hii ni siri yetu, usimwambie mama', iandike, itumbukize humu. Hata bila jina. Nalifungua kila Jumatatu."

"Ufunguo anao nani?"

"Mimi na Mwalimu Mkuu. Basi."

"Basi nyie wawili mmetoka kwenye orodha ya washukiwa. Mwenye ufunguo angechukua barua tu, asihangaike na skrubu." Inspekta aligusa kichwa cha skrubu mojawapo. "Na huyu amezirudisha. Kwa nini?"

Mwalimu alifikiri. "Watoto hukimbia hapa. Ukuta ni wa bati, matundu yangebaki na kingo kali. Wangejikata."

Mwizi aliwaonea huruma watoto, na bado akawaibia sauti. Mtu wa namna hiyo hakutoka nje ya shule.

Kando ya ule mraba, kwenye msumari, palining'inia kijitabu cha karatasi na kalamu ya risasi iliyofungwa kwa uzi. Mwizi hakukijali. Inspekta alikitoa, akakielekeza dirishani. Ukurasa wa juu ulikuwa mtupu, lakini mwanga ulipoupiga kwa ubavu, vijifereji vidogo vya mwandiko vilionekana.

"Nyanyuka, Koplo. Mpelekee mtaalamu wa nyaraka. Mwambie nataka kila herufi, na nataka leo."

Koplo alinyanyuka, kiti nacho kikanyanyuka naye.

* * *

Aliwahoji watu asubuhi nzima. Mwalimu Mkuu alisema Ijumaa jioni sanduku lilikuwepo. Mlinzi wa geti alisema Ijumaa hiyo hakuona mtu mwenye mzigo.

Karani wa shule alimkaribisha kwa kiti na maji. Mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba, ofisini humo kwa miaka ishirini na mbili. Dirisha lake lilitazama moja kwa moja kwenye ule mraba mweupe.

"Ijumaa ulitoka saa ngapi, Mama?"

"Saa kumi na moja. Wa mwisho, kama kawaida."

"Uliona mtoto yeyote akitumbukiza barua?"

"Watoto ni wengi, mwanangu. Wengine hutumbukiza maganda ya pipi."

Alijibu vizuri. Ila mikono yake ilipanga na kupangua rundo lilelile la karatasi, mara tatu.

Saa sita na dakika kumi simu ililia.

"Afande," alisema koplo, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha, "nakusomea. 'Mwalimu usinitaje. Kaka Kompyuta amesema Jumatatu wakati wa chakula tutoke naye kwa geti la nyuma. Tuko watatu. Amesema shule inatufanya vipofu. Amesema tukisema mama zetu watachinjwa. Mimi sitaki tena. Naogopa.'"

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Chakula kilikuwa saa saba kasoro robo.

"Kaka Kompyuta ni nani?" alimuuliza mwalimu wa ushauri.

"Fundi wa kompyuta zetu. Huja mara mbili kwa wiki, huwafundisha darasa la sita." Mwalimu alishika ukuta. "Jamani. Ni kijana mpole."

"Hesabu darasa la sita. Sasa hivi. Usikimbie, watoto wasitaharuki."

Mwalimu alitembea. Alirudi akikimbia.

"Watatu hawapo! Wasichana wawili na mvulana. Hawajaonekana tangu mapumziko ya saa nne!"

Inspekta alipiga moyo konde, akaenda getini.

"Saa nne? Ndiyo, walitoka," mlinzi alisema, uso ukianza kumshuka. "Walimsaidia fundi kubeba kompyuta mbovu hadi kwenye gari. Alisema atawarudisha."

"Ukamwachia watoto watatu?"

"Afande, mimi ningemkatalia vipi? Si mtoto wa karani?"

* * *

Inspekta aliingia ofisini, akafunga mlango na kugeuza ufunguo. Aliketi karibu, magoti yakagusana na ya yule mama.

"Mama. Mwanao amewachukua watoto watatu."

Karani alivua miwani. "Si ilikuwa wakati wa chakula? Aliniahidi…"

Akaziba mdomo. Maneno yalikuwa yamekwishatoka.

"Aliahidi nini?"

Karani alizungusha kamba ya miwani kidoleni.

"Ulimpigia simu asubuhi hii?"

"Nilimwambia polisi wapo. Nilimwambia asije, Mungu shahidi. Nilidhani ataogopa."

"Hakuogopa. Aliwahi. Ulikusudia kumzuia, ukamharakisha." Inspekta aliushika mkono wake. "Mama, mimi nimewahi kubeba sare ya mtoto mikononi. Najua uzito wake. Wamekwenda wapi?"

"Mtamuua."

"Nitakwenda mwenyewe, mbele. Lakini kila dakika unayokaa kimya, unanipunguzia njia ya kumrudisha akiwa hai. Yeye na wale watatu. Majina yao unayajua?"

Karani alilia bila sauti. Kisha akayataja majina yote matatu, na la ukoo, na darasa, kama anayesoma daftari la mahudhurio. Baada ya la tatu akapataja mahali.

"Karakana ya marehemu baba yake. Ya useremala. Nyuma ya kituo cha malori."

* * *

Walifika saa saba na nusu, bila ving'ora. Inspekta alitangulia kama alivyosema, vumbi la mbao likimwasha puani. Lori lilikuwa limeshageuzwa, tela lake wazi. Dereva alipoona bunduki aliinua mikono. Fundi wa kompyuta aliruka ukuta wa nyuma, akamwangukia koplo. Koplo hakukimbia popote, alimkalia tu.

Watoto walikuwa nyuma ya rundo la mbao, wameshabadilishwa nguo. Msichana mmoja aliushika mkanda wa Inspekta kwa mikono miwili, asiuachie. Wa pili alijikojolea.

Mvulana alikuwa tofauti. Alimtazama Inspekta kwa macho makavu, akamtemea mate shavuni.

"Nyinyi ni adui," alisema, kwa sauti nyembamba ya mtoto wa miaka kumi na miwili. "Mtaona."

Kati ya yote yaliyompata siku ile, hilo ndilo lililomtisha Inspekta kuliko bunduki na lori. Alijifuta taratibu, akamvalisha koti lake. Mvulana alilitupa chini. Akamvalisha tena.

* * *

Maelezo ya onyo, ya mshukiwa aliyekwishaonywa haki zake, yaliandikwa kituoni alasiri hiyo. Karani alikataa wakili, akataka kusema.

"Ijumaa nilimwona yule binti akiandika. Aliangalia kulia na kushoto, akalia, akatumbukiza. Nikajua. Wiki mbili nilikuwa nikiwaona wale watatu wakimfuata mwanangu kama vifaranga, wakiniangalia kama mdudu. Nikang'oa sanduku kwa kisu cha chakula, nikalitia kwenye mfuko wa vitabu. Nyumbani nikalivunja. Nikasoma."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Ningesema nini? Njooni mumchukue mwanangu? Nilimwita Jumapili, nikampigia magoti. Mimi, mama yake! Akanibusu kichwani, akasema ameacha. Nikaamini, maana nilitaka kuamini."

"Alianza lini, Mama?"

"Alikuwa darasa la sita, shuleni hapo hapo. Palikuwa na jirani mmoja akimpa vitabu na maneno. Aliacha mpira. Akaacha marafiki. Akawa haniangalii usoni tukila. Wakati huo hapakuwa na sanduku, wala mwalimu wa ushauri, wala mtu wa kuniuliza chochote. Ripoti za muhula nilizipiga chapa mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii. Mwalimu wake aliandika: 'Ametulia sana. Mzazi apongezwe.'"

Inspekta aliacha kuandika.

"Nami nikapongezwa, mwanangu," alisema karani. "Ile ripoti niliitundika sebuleni."