Usimkate Amolo Katikati

Santuri ilikuwa na joto. Absalom aliichomoa kwenye jalada Jumapili saa nane mchana, na nusura imponyoke. Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango sasa hivi, ilhali mashine ya kuichezea haikuwa imewashwa tangu Ijumaa. Akajiambia kwamba ni jua la Kisumu limepita dirishani. Dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani, lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Siku za kazi Absalom alikuwa fundi wa redio Kondele. Jumapili aligeuka mhubiri. Alirusha matangazo mtandaoni moja kwa moja, akiwatetea wapiga gitaa wa roki waliopuuzwa na albamu zao zilizoozea stoo. Kila mwaka mnawasifu walewale kumi, aliwafokea watazamaji, kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kugusa waya. Watu elfu nane walimfuata, na nadhani wengi walifuata hasira kuliko muziki.

Siku hiyo alikuwa na *Moshi wa Muhoroni*, albamu ya bendi ya mji wa miwa, ya miaka hamsini iliyopita. Hakujua nakala nyingine popote. Jaladani palikuwa na picha ya mwimbaji tu. Amolo, mpiga gitaa, hakutajwa hata kwa herufi ndogo, na bila yeye albamu nzima ni makelele ya harusi. Absalom aliipata Luanda Kotieno kwa mjane wa Amolo, Mama Seline, aliyeikabidhi kwa mikono miwili.

"Baba, usimkate katikati," alimwambia. "Ukimwanzisha, wacha amalize. Huyo mzee alikatwa sana, mpaka ile kitu ilikuwa kwa gitaa yake ikakasirika."

"Kitu gani, Mama?"

"Ati unadhani alikuwa anapiga peke yake?"

Absalom alicheka. Kisa cha Amolo alikijua. Kumbi za huko zilizoea pakruok, desturi ya Waluo ya kusimamisha muziki ukiwa umekolea ili mtu ajisifu na kuwataja awapendao, kisha bendi iendelee na majina yale ndani ya wimbo. Kwa wanamuziki wengi hiyo ni heshima. Kwa Amolo ilikuwa kisu. Kila alipofika kwenye solo yake, mlevi fulani aliinua mkono. Akafa bila kuimaliza mbele ya watu, katika shamba la miwa lililokuwa likichomwa, gitaa likiwa mgongoni.

Solo ilikuwa upande wa pili, na matangazo yalikuwa hewani. Ilipoingia, Absalom alisimama. Ilipanda, ikararua, ikapanda tena, naye akasahau mjane, akasahau kila kitu isipokuwa furaha yake. Akainua sindano.

"Simama hapo! Mimi Absalom, fundi nafufua redio zilizozikwa! Baba Winny! Winny anacheka mpaka mvua inasahau kunyesha! Na nyinyi pia, simamisheni hapo hapo, muandike majina ya watoto wenu, tuwasifu wote!"

Akarudisha sindano. Solo haikuwepo. Palikuwa na mkwaruzo tu, kisha harufu ya miwa inayoungua, nzito, tamu, ya kukaba koo. Akakata matangazo. Ndipo aliposikia gitaa likilia chumbani kwa binti yake.

Winny, mwenye miaka kumi, alikuwa ameketi mezani. Mkono wa kushoto uliminya ukingo wa meza, wa kulia ulichuna hewa. Gitaa halikuwepo. Mlio ulitoka mkononi mwake, kwenye mishipa ya kiganja iliyotuna na kukazika.

"Winny. Nyara, binti yangu, wacha hiyo."

Mtoto hakugeuka. Alifika pale pale Absalom alipokata, akanyamaza, akaanza upya.

Kwa siku tatu hakuacha. Hospitali walimpa dawa ya usingizi, akapiga akiwa usingizini. Maryanne, mama yake, alimfunga vidole kwa kitambaa, na kitambaa kikalowa damu, na chini ya damu vidole vikaanza kupasuka mpaka weupe wa mfupa ukachungulia, na bado mlio ukaendelea, ukifika pale pale, ukikatika, ukianza, huku harufu ya miwa ikiingia kwenye uji, kwenye mashuka, kwenye nywele za mtoto, hata majirani wakafunga madirisha yao mchana kweupe.

"Pasta ameomba, imekataa," Maryanne alinong'ona. "Enda uite yule mzee wa Kaloleni. Haraka, Baba Winny, mtoto anaisha."

Mzee Aqil alisimama mlangoni na hakuvuka kizingiti mpaka amalize kusoma dua.

"Huyu si mzimu wa Amolo, ni jini wa gitaa yake," alisema kwa sauti ya chini. "Gitaa ilimuungulia, akabaki kwa sauti. Umemkata, halafu ukampa jina. Si kwenu jina ikitajwa, wimbo inaendelea nayo?"

"Atatoka aje, Mzee?"

"Mwanzishe tena, amalize. Lakini usimsifu. Hata kichwa usitikise. Sifa yako ndiyo mlango yake."

Jumatano saa sita mchana waliweka santuri. Solo ilirudi, safari hii kutoka kwenye spika na mkono wa mtoto pamoja, ikapita pale ilipokatwa, ikaenda mahali ambapo Absalom hakujua gitaa linaweza kwenda, ikimbembeleza, ikimtukana, ikimwita kwa jina, na yeye aliyeishi kwa kuwasifu waliosahaulika akauma ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni, asitikise kichwa, asitoe hata pumzi ya mshangao, mpaka noti ya mwisho ikafifia.

Mkono wa Winny ukafunguka.

"Baba, niko na njaa."

Maryanne aliangua kilio. Absalom aliichukua nyundo. Mzee Aqil alisema, "Ngoja kwanza," lakini nani angengoja? Aliiponda santuri kwa chuki yote aliyokuwa nayo, akaiponda mpaka ikawa vijipande ndani ya beseni, vya baridi sasa.

Kisha akachukua simu ili aifute ile video ya Jumapili. Ilikuwa imetazamwa na watu wengi kuliko zote alizowahi kurusha. Chini yake palikuwa na maandishi elfu tatu. *Mimi Frankline wa Bondo, baba Aloo, Aloo mbio za swala. Mimi mama Aoko, Aoko sauti ya kanisa.* Walisimamisha pale pale, kama alivyowaomba, wakataja watoto wao.

Ujumbe wa sauti ukaingia, wa Frankline. Alinong'ona.

"Omera, ndugu yangu, Aloo ameshika meza tangu jana. Vidole zinatoka damu. Na hapa kwetu hakuna miwa, lakini hii harufu... Tafadhali, nitumie ile wimbo yote. Nitumie mwisho wake."

Absalom alitazama beseni.